Kumkata Mama kwa Dole Gumba

Shigela alimkata mama yake kwa dole gumba. Mara ya kwanza alisita. Ya tatu, wala. Kila mara mama alipotokea kwenye video ya harusi yake, peku, kilemba kimefunguka, anarusha mabega Kisukuma mbele ya wakwe, Shigela aligusa, akakata, akafuta. Simu ina raha yake jamani! Huhitaji kompyuta wala fundi wa studio. Umekaa zako kwenye sofa Kirumba, unakunywa chai, kazi inakwenda.

Wakwe walikuwa watu wa viti vya mbele. Video ilikuwa iende mtandaoni, na Shigela hakutaka dunia ijue kwamba aliyemzaa ni yule muuza dagaa. Alijionea aibu kwa kuona aibu, lakini hakuacha kukata.

Harusi ilikuwa na miezi miwili tangu ipite, mama mwenyewe, Tereza, akaingia kutoka Sengerema. Hata maji hajanywa, anataka video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu nionyeshe nilivyocheza. Mwanangu ni mmoja tu, harusi sitaiona nyingine."

Princess, mke wa Shigela, akainuka kuwasha televisheni. "Tuiweke huku, mama aone vizuri."

"Hapana!" Shigela aliruka. "Kwenye simu inatosha."

Ilitosha kwa sababu mama alikuwa na mtoto wa jicho. Siku ya harusi yenyewe aliongozwa kwa mkono mpaka kwenye kiti. Watu hulalamika kwamba ubaya wa kuhariri kwenye simu ni kioo kidogo, mambo mengi hayaonekani. Siku hiyo Shigela aliona ndio uzuri wake wote.

Tereza akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Keki ikapita, zawadi zikapita. Ikaja ngoma, na katikati ya uwanja akawa anacheza mama mzazi wa Princess, kavaa kitenge cha njano, sare waliyoshonewa mama wote wawili.

"Huyu hapa!" Tereza aligonga kioo kwa ukucha. "Si ndiye mimi huyu?"

Princess alimgeukia mumewe, akamkazia macho. Shigela akakwepa macho yake. Angeweza kusema. Mungu anajua angeweza.

"Ndiye wewe, mama."

"Kweli, baba?"

"Kweli kabisa. Umependeza."

Princess akaenda zake jikoni. Tereza aliitazama video mpaka mwisho, hata kigelegele kimoja hakupiga. Shigela akashusha pumzi, huku akitamani ardhi ipasuke immeze. Kumdanganya mama kwa macho yake mabovu! Hata mchawi ana mipaka.

Tereza akamrudishia simu kwa mikono miwili. Akajifunga khanga vizuri, akasimama.

"Mama mkwe wako anacheza vizuri," akasema. "Macho walinifanyia operesheni mwezi uliopita, baba. Nilikupigia uje unishike mkono, hukupokea."