Bungua Ndani ya Salamu

Kila asubuhi Mama Aikaeli aliweka sikio kwenye mti wa kahawa uliooteshwa kaburini kwa mumewe, na sauti ya marehemu iliyotunzwa ndani ya shina ikamwamkia. Leo salamu ilikatika katikati. Kitu kilikuwa kikitafuna.

Ni bungua, mdudu atoboaye miti, na mti wenye bungua kisheria huchomwa siku hiyohiyo, pamoja na sauti yake.

Mkwewe, Ndeshi, aliufukia upesi unga wa mbao uliodondoka. Mkaguzi wa miti alikwishafika langoni.

"Shikamoo mama. Mti mzima?"

"Mzima kukushinda wewe," Ndeshi alidakia.

Mkaguzi akacheka, akageuka.

"Rudi, mwanangu," Mama Aikaeli alisema. "Mti una bungua. Uchome. Miaka sita ananiamkia tu, nami sijamuaga."