Hundi ya Arlys

Kidole gumba cha Arlys hakikutulia. Kilifungua kifungo cha mkoba, kikakifunga, kikakifungua tena. Ndani mlikuwa na hundi ya dola elfu moja, jasho la duka lake la jibini. Alikwisha kuitia sahihi; lilibaki jina la mpokeaji tu.

Ukumbi wa kanisa ulinukia samaki wa kukaanga wa mlo wa pamoja wa Ijumaa. Mbunge wao katika bunge la jimbo la Wisconsin alikuja moja kwa moja mezani pao, akaushika mkono wa mumewe.

"Mzee, chaguzi tatu sasa! Bila hundi zako ningekuwa wapi mimi?"

"Aa, vijisenti tu hivyo," mumewe akacheka. Hakuwahi kuandika hata moja; zote zilitoka mkobani mwa Arlys.

"Na wewe mama, unamtunza vizuri mzee wetu?" Mbunge akamkabidhi Arlys sahani yake chafu bila kumtazama.

Arlys aliipokea, akamwekea mumewe mapajani, miiba na yote.

Kisha akavuka ukumbi hadi meza ya mlangoni. Mpinzani wa mbunge, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekaa peke yake na vipeperushi vyake.

"Mwanangu," Arlys akasema, akitoa kalamu, "jina lako linaandikwaje?"