Nyuki wa Ijumaa

Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri, kila nyumba ilipaswa kuitumia mamlaka ya maji picha ya nyuki hai mkononi mwa mtoto wao, la sivyo isingefunguliwa maji wiki nzima. Mghoi alimtoa nyuki wao kwenye friji, amelegea kwa baridi, akamweka mkononi mwa bintiye, Wakio. Akakinga jua kwa kitambaa cheupe, akasogeza kamera ya simu karibu kabisa.

Nyuki akazinduka, akauma.

“Mama, koo linabana!”

“Tulia! Akishauma hakawii kufa. Usipumue, mwanangu, picha isije ikaharibika.”

Wakio hakupumua.

Picha ilitoka safi, hadi vinyweleo vya nyuki vikahesabika. Mghoi akaituma palepale, jicho halijabanduka kwenye kamera. Maji yakaanza kuvuma bombani.

“Wakio,” akasema, “lete ndoo.”