Ziwa Lililofungiwa

Serikali ilipoweka chujio la kuzuia uchafu mtandaoni na kwenye simu, neno "ziwa" nalo lilinaswa, kwa kuwa mwanamke naye analo kifuani. Watu wa mji mmoja wa kando ya ziwa walicheka. Walicheka mpaka ziwa lao lilipofutwa kwenye ramani za simu, pakabaki peupe.

Asubuhi moja ya ukungu Kabuje alimpigia mwanawe Sospeter, aliyekuwa anakuja nyumbani na gari lake jipya. Mvua zilikuwa zimelijaza ziwa hadi likameza barabara ya zamani.

"Usipite njia ya chini, mwanangu. Ziwa limepanda."

"Nini kimepanda, baba?"

"Ziwa."

Neno halikufika. Kabuje alisikia pengo, kana kwamba mtu amemziba mdomo kwa kiganja.

"Maji," akasema. "Kuna maji mbele yako."

"Maji ninayo, baba, katoni nzima. Wewe na wasiwasi wako."

"Lile ulilojifunzia kuogelea, we mpumbavu."

"Kwetu hakuna kitu kama hicho, baba. Hapa naona uwanja tu, mweupe."

Kabuje alitoka mbio, simu sikioni, akateremka hadi maji yakamfika magotini. Mbali, katikati ya ziwa, taa mbili za gari zilikuwa zinakuja polepole ndani ya ukungu.

"Baba," sauti ya Sospeter ilisema, "hii barabara wameitengeneza lini? Imekuwa laini, hata matairi siyasikii."