Pete ya Saa Moja

Kabla ya kukandwa naambiwa ninywe maji, nile kidogo, nivae blauzi pana. Hayo nayatii. Sharti la baada ndilo nisilolitii.

"Lete mkono nifunge bendeji mpaka vidoleni," mkandaji aliniambia alipomaliza. Mkono wangu wa kushoto umevimba tangu madaktari waliponitoa titi lenye saratani na matezi ya kwapani, na yeye huyasukuma maji yaliyojaa humo polepole, akianzia shingoni.

"Nitafunga nyumbani, mwanangu."

"Bibi, wewe muongo. Bila bendeji, saa moja tu utakuwa umevimba tena."

"Saa moja inanitosha."

Garini nilipaka kidole mafuta ya mdomo, nikaizungusha pete ya ndoa mpaka ikaingia na kupita kifundo. Kisha nikashuka kilima cha mji wetu wa Duluth kwenye theluji hadi makao ya wazee, kwa Arvo, mume wangu kwa miaka arobaini na tisa sasa. Uso wangu ameshausahau. Pete bado anaijua. Kila akiiona huniita kwa jina.

Leo aliishika, akaigeuzageuza kwa kidole gumba.

"Hii pete ya mke wangu," alisema. "Umeitoa wapi, mama?"

"Ni mimi, Arvo."

"Ivue." Hakufoka. Ilikuwa ile sauti yake ya adabu, ya wageni. "Yuko njiani anakuja. Ataitafuta."

Niliivuta. Mkono ulikuwa umeshaanza kuvimba.