Tundu la Pili

Tik.

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Clovis alifungua jicho moja. Nje bado giza, lakini umeme ulikuwa umerudi, na taa ya jikoni ilifika hadi sebuleni. Mama Sylvain alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, akichomoa waya wa disque, ile diski ya nje, kwenye konsoli ya michezo. Aliupuliza vumbi, akauchomeka tena. Tik. Ila si pale alipoutoa.

Kisha akaja kwenye kanape, akaokota blanketi lililokuwa limeanguka, akamfunika Clovis mabega, akarudi jikoni kwa ncha za vidole.

Clovis akabaki anatazama dari. Kumbe ni yeye.

Alikuwa ametoka Kipushi kutafuta kazi kwa fundi Mwila. Kila kijana aliyeshika bisibisi, tournevis kama wanavyoiita kule, alilijua jina hilo. Konsoli za zamani, ambazo hazisomi tena CD zilizokwaruzika, Mwila alizifundisha kusoma michezo kutoka disque ya nje, kwa programu ambazo watu hujitungia nyumbani na kupeana bure. Sura yake hakuna aliyeijua. Kwenye simu, mahali pa picha, palikuwa na tournevis tu. Clovis alimwandikia: "Chef, nichukue kazini." Jibu lilikuja siku ileile.

"Nenda mtaa wa Bel-Air kwa Mama Sylvain. Nimemwazima konsoli yangu, haisomi disque. Kule umeme huja usiku, kwa hiyo ulale hapo. Nakupa asubuhi tatu uniambie ugonjwa wake. Ukiupata, kazi ni yako. Ukiona mama mwenyewe ndiye anayeiharibu, niambie, nitaichukua. Na fundi asiyejua matundu yake, huyo simtaki."

Asubuhi ya kwanza Clovis aliiandaa disque upya, michezo yote ikaonekana, na kesho yake haikuonekana. Asubuhi ya pili alibadilisha waya, ikawa vilevile. Hii ilikuwa ya tatu. Na sasa ugonjwa ameuona kwa macho yake. Konsoli ile ina matundu mawili nyuma, na programu husoma lile la pembeni tu. Mama Sylvain alikuwa akihamishia waya kwenye lile la pili.

Alitoka jikoni na chai, mkate na karanga za kukaanga. Mtaa mzima ulimwita Mama Sylvain, kwa jina la mwanawe wa kwanza, anayeshughulikia karatasi za malori kule mpakani Kasumbalesa.

"Mutoto, ulilala muzuri?"

"Muzuri, Mama."

"Na mugonjwa wetu?"

"Angali na homa."

"Masikini. Labda inasikiaka baridi." Akakata mkate, kipande kikubwa akakiweka kwa Clovis, kama alivyofanya siku zote. "Leo ni samedi. Kesho, siku ya Mungu, bajukuu banakuya, bote saba. Kama mashine inatumika, banabakia mpaka mangaribi. Kama haitumike, banakula, banafunga biatu, banaenda."

Alisema akicheka, lakini mkono wake ulikuwa unanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari.

Clovis akainuka, akaingia nyuma ya televisheni, akaurudisha waya kwenye tundu la pembeni. Orodha ya michezo ikajaa kwenye skrini: magari, mpira, mieleka.

"Iko muzima," Mama Sylvain akasema, akapuliza chai yake.

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Clovis akashika simu, akaandika: "Chef, ugonjwa nimeupata. Mama Sylvain anahamisha waya kila alfajiri." Kabla ya kuituma akainua macho. Mama alikuwa akichambua karanga, zilizoungua akizila yeye, nzima akizisukuma upande wa sahani ya mgeni. Mtu hafanyi hivyo kwa ubaya, Clovis akawaza. Huyu anaharibu mashine ili fundi abaki, meza yake isikae bila mtu. Na Mwila akiichukua, hata wale saba hawatakaa.

Akafuta ujumbe.

"Unaandikia nani mambo ya mingi vile?" Mama akauliza.

"Chef yangu. Ao tuseme ule mwenye hatakuwa Chef yangu."

"Iko mukali?"

"Sana, Mama. Mutu ya vile hajue hata kucheka. Miye naonaka labda iko na tournevis pa nafasi ya roho."

"Masikini," Mama Sylvain akasema, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Clovis akavuta pumzi, akaandika tena, polepole, kwa sababu kila neno lilimrudisha hatua moja kuelekea Kipushi: "Chef, kosa ni langu. Siku zote nilichomeka disque kwenye tundu lisilofaa. Mama hajagusa kitu. Tafadhali muachie mashine."

Akafumba macho, akatuma.

Kling, kitu kikalia ndani ya kikwembe alichojifunga Mama Sylvain.

Mama akafuta vidole, akachomoa simu kiunoni, akavaa miwani. Alisoma akichezesha midomo, mpaka mwisho, halafu akaanza tena juu. Alipomaliza akavua miwani na kumtazama Clovis, ambaye mkate ulikuwa umemkwama shavuni.

"Uambie bantu ya Kipushi Mwila anajuaka kucheka," akasema. "Na keshokutwa, lundi, ukuye kuanza kazi."