Mtumiaji wa Dawa

Jirani yetu anasema nilifukuzwa kazi ya kulea watoto kwa sababu nilikutwa na unga kwenye sidiria. Anasema aliona kwa macho yake, ilhali siku hiyo alikuwa msibani.

Kilichokutwa ni cheti cha hospitali. Mwajiri alikitaka, nikampelekea. Chini kabisa, mbele ya namba ya matibabu, paliandikwa: mtumiaji wa dawa, muda mrefu.

Ni kweli, nameza kidonge cha moyo kila asubuhi, mwaka wa saba huu.

Leo nimerudi kwa karani wa hospitali. Dirisha lake lina tundu la kupitishia karatasi, inabidi uiname kama unamchungulia kuku anayeatamia.

"Dada, nifutie hayo maneno. Kuna mama mwingine anataka kunipa kazi, anakisubiri cheti."

"Mimi naingiza namba tu, mdogo wangu. Maneno inayaandika kompyuta."

"Basi futa namba."

"Nikiifuta, dirisha la dawa hawakupi kitu. Umebakiza vidonge vingapi?"

"Vinne."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, kucha imebanduka rangi nusu. Akakiondoa taratibu.

Mezani palikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikasukuma cheti tunduni.

"Basi usifute kitu, dada. Hapo penye dawa, ongeza kwa mkono wako: za moyo."

Akaitazama kalamu, kisha akatazama foleni nyuma yangu.